Tiba ya Chumbani Ilitoka Wapi?

Mwaka 1786 daktari mmoja wa upasuaji wa London, John Hunter, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya zinaa. Katikati ya habari za kisonono na kaswende aliweka kisa kisichofanana na vingine. Mwanamume alimjia akilalamika kwamba nguvu zimemwisha. Hunter akamhoji, akagundua kwamba mwili wa huyo bwana ulikuwa mzima. Kilichomwangusha kilikuwa hofu ya kushindwa mbele ya mwanamke mmoja, yule hasa aliyetaka kumpendeza. Basi hakumpa dawa. Alimwambia alale na mwanamke huyo usiku sita, lakini kwanza aamue kwa dhati kwamba hatafanya chochote, hata mwili ukitaka vipi. Baadaye mgonjwa alikiri kwamba hofu yake iligeuka: badala ya kuogopa kwamba hataweza, alianza kuogopa kwamba hamu itamzidi. Alitamani muda huo wa usiku sita ufupishwe.

Mwaka jana, katika chumba kimoja juu ya duka la simiti na mabati hapa Embulbul, mimi na mume wangu tulipewa amri ya aina hiyo hiyo. Wiki tatu bila tendo la ndoa. Tuliruhusiwa kugusana mikono, mgongo, uso na miguu, kwa zamu, dakika kumi na tano kila mmoja, simu zikiwa nje ya chumba. Kwingine kote marufuku. Mume wangu aliuliza kama amelipa elfu tatu na mia tano ili akatazwe kitu ambacho tayari hakipati. Mshauri alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu shida ilikuwa yangu, ama ndivyo nilivyodhani. Tangu nijifungue, mwili wangu ulikuwa unajifunga kama ngumi kila alipokaribia, na maumivu yake sina lugha nzuri ya kuyaeleza. Kabla ya hapo muuguzi wa kliniki moja, ambayo sitaitaja, alikuwa ameniambia ninywe glasi ya divai nilegee. "Vumilia mama, wote tumepitia."

Amri ya mshauri ilitusaidia, lakini stori ya kupona kwetu ni fupi na si ya kuchangamsha mtu: miezi minne, kulia kidogo, kucheka zaidi ya nilivyotarajia. Kilichonishika ni swali lingine. Nani alifikiria kitu kama hicho kwanza? Mimi husoma historia kwa kazi na kwa raha, na kitu kikinisaidia nataka kujua ukoo wake.

Ukoo wenyewe una mababu wabaya. Jina la kitaalamu la shida yangu ni vajinismasi, na aliyelitunga ni J. Marion Sims, daktari Mmarekani, mwaka 1861. Huyu ndiye yule aliyejijengea sifa huko Alabama miaka ya 1840 kwa kuwapasua wanawake watumwa tena na tena bila ganzi. Watatu kati yao tunawajua kwa majina: Anarcha, Betsey na Lucy. Sanamu ya Sims ilikaa Central Park, New York, hadi Aprili 2018 ilipong'olewa. Kwa wanawake wa tabaka la juu ambao miili yao ilijifunga, dawa yake ilikuwa ile aliyoizoea, kisu. Alikata, kisha akaweka kipande cha kioo ili kidonda kipone kikiwa wazi. Hakuona sababu ya kumwuliza mwanamke anaogopa nini.

Freud na wanafunzi wake wa Vienna walileta kuuliza. Hilo tuwape. Lakini walileta pia kochi na miaka: unalala pale mara kadhaa kwa wiki ukizungumza kuhusu baba yako, huku mume anasubiri nyumbani asijue kinachoendelea. Sijasoma mahali popote kwamba njia hiyo ilimsaidia haraka mtu mwenye shida kama yangu.

Babu ninayempenda zaidi, kwa ajabu, ni wa Afrika. Joseph Wolpe alizaliwa Johannesburg mwaka 1915. Vita Kuu ya Pili ilipopiganwa alikuwa daktari katika jeshi la Afrika Kusini, akiwatibu askari waliorudi na mitetemeko na ndoto mbaya. Alijaribu njia za wakati huo, dawa za kulegeza na kuwafanya wasimulie yaliyowapata, akaona haziponyi. Alirudi Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akafanya majaribio na paka. Aliwatisha kwa shoti ya umeme ndani ya kizimba mpaka wakakataa kula humo. Kisha akawalisha mbali na kizimba, akisogea karibu kidogo kidogo, hadi wakaweza kula mle mle walimotishwa. Si jaribio la kupendeza kulisoma. Lakini alichokiona kilikuwa rahisi: mwili hauwezi kuogopa na kutulia kwa wakati mmoja. Ukiupa utulivu mdogo karibu na hofu ndogo, hofu inapungua, kisha unapanda ngazi moja. Kitabu chake cha mwaka 1958 kiliitumia kanuni hiyo hata chumbani: wasiwasi na hamu haviketi pamoja, kwa hiyo mtu asikimbilie mwisho, aishie pale ambapo bado ametulia, na kesho aongeze kidogo.

Mshauri wetu aliponipa mazoezi ya hatua, kupumua kwanza, kioo baadaye, kidole changu mwenyewe baadaye sana, na kila nikikaza nirudi hatua moja, nilikuwa nafuata nyayo za paka wa Johannesburg. Nilimwambia mume wangu hivyo. Kwa wiki nzima aliniita "nyau".

Halafu kuna wale wawili ambao filamu na vitabu vimewafanya maarufu: William Masters, daktari wa uzazi, na Virginia Johnson, ambaye hakuwa na digrii alipoajiriwa kuwa msaidizi wake mwaka 1957 huko St. Louis, Missouri. Waliwatazama watu 694 maabarani, wanawake 382 na wanaume 312, wakapima mapigo ya moyo na kila kitu kingine, wakachapisha matokeo mwaka 1966. Watu wengi huishia hapo wakiwataja. Kwangu kitabu kizito ni cha pili, cha mwaka 1970, kuhusu tiba. Wanandoa walisafiri hadi St. Louis, wakakaa wiki mbili mbali na kazi na watoto, wakaonwa kila siku. Siku za mwanzo walikatazwa tendo lenyewe na kupewa zoezi la kugusana bila lengo. Ni Hunter, sasa akiwa na ratiba.

Lakini Hunter alimtibu bwana peke yake. Wolpe naye mara nyingi alikaa na mgonjwa mmoja. Masters na Johnson walikataa. Hata kama shida inaonekana kwa mmoja, walisema, anayetibiwa ni uhusiano, na wote wawili lazima waketi. Tena mbele yao waliketi watibabu wawili, mwanamume na mwanamke, ili kila mmoja awe na mtu wa kumwelewa. Walidai kwamba walishindwa kwa mgonjwa mmoja tu kati ya watano hivi. Mwaka 1980 wanasaikolojia wawili, Bernie Zilbergeld na Michael Evans, waliuliza hesabu hiyo ilipigwaje na hawakupata jibu la kuridhisha. Na kitabu chao cha mwaka 1979 kilichodai kuwageuza mashoga kimebaki doa lisilofutika. Mimi sina haja ya kuwatetea. Ninachochukua kutoka kwao ni kile kiti cha pili.

Kwa nini kiti? Hapo inabidi nirudi kwetu, kwa shosho yangu.

Nilimweleza shosho kuhusu wiki tatu zetu tukichambua sukuma wiki nyuma ya nyumba. Nilitegemea aone haya. Yeye akaweka kisu chini, akanitazama, akacheka mpaka akafuta macho. "Kairĩtu, mmelipa pesa kufundishwa ngwĩko?"

Ngwĩko imeandikwa na Jomo Kenyatta katika *Facing Mount Kenya*, kitabu kilichotokana na masomo yake London na kuchapishwa mwaka 1938 na utangulizi wa mwalimu wake, Bronislaw Malinowski. Ulikuwa utaratibu wa vijana wa Kikuyu waliokwisha ingia rika: kukaa na kulala karibu karibu, kuzungumza na kupeana joto, huku tendo lenyewe likiwa mwiko. Aliyevunja mwiko alishtakiwa na rika lake na kuaibishwa. Kenyatta alisisitiza kwamba wamisheni walitazama hapo wakaona uzinzi tu, wakakosa kuona nidhamu. Shosho mwenyewe hakuipitia, kwa sababu wazazi wake walikuwa *athomi*, watu wa kanisa na kitabu. Aliisikia kwa binamu zake wakubwa, na alipokuwa msichana Emergency ilikuwa imewafungia vijijini nyuma ya mitaro. Alichonieleza ni kwamba wale binamu walijua kitu ambacho yeye hakukijua siku ya arusi yake: kwamba karibu si lazima iwe mwanzo wa kitu kingine.

Sasa, kuna jaribu la kusema basi tulikuwa na kila kitu, Mzungu akatunyang'anya, akatuuzia tena kwa saa. Nimeisikia hoja hiyo kwenye meza nyingi za baa na inapigiwa makofi. Sehemu yake ni kweli. Pwani kulikuwa na somo na kungwi. Mtoro bin Mwinyi Bakari alieleza kazi yao katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, na Zanzibar Bi Kidude aliendelea na unyago hadi uzeeni. Alifariki Aprili 2013. Uganda kuna ssenga, shangazi wa upande wa baba, ambaye mwanasheria Sylvia Tamale alimwandikia makala muhimu mwaka 2005 akionyesha jinsi kazi yake ilivyohamia redioni, magazetini na kwenye vyumba vya kulipia Kampala. Hawa wote walizungumza chumbani waziwazi, kwa ustadi na kwa utani, wakati Ulaya ya Sims bado inakata.

Lakini angalia nani anafundishwa. Ni bibi arusi. Yeye ndiye anayepewa mbinu, na akishindwa yeye ndiye aliyefundishwa vibaya. Bwana hufundishwa kidogo au hafundishwi, na mafunzo yake hayafanyiki mbele ya mke. Tamale anaonyesha kwamba ndani ya elimu ya ssenga wanawake walipata pia nafasi ya kujitawala na kudai raha yao, na namwamini. Hata hivyo sijapata kusikia kuhusu ssenga aliyewaita wote wawili chumba kimoja, akawauliza maswali yale yale. Hata yale mafunzo ya kabla ya arusi ya makanisa yetu, ambayo kweli huwaketisha wawili, yakifika kwenye chumba cha kulala hugawanyika: mabibi na shangazi, mabwana na mzee fulani anayekohoa kohoa.

Na ngwĩko haikuja peke yake. Ilifuata kutahiriwa, kwa wasichana pia. Misheni ya Kiskoti pale Thogoto, si mbali na hapa, ilipopiga vita ukeketaji mwaka 1929, ilikuwa sahihi kuhusu kisu. Ila ilifagia pamoja nacho mafunzo yote yaliyokizunguka, na haikuweka kingine mahali pake ila haya. Hapa Kajiado kisu hakijaisha, ingawa sheria ya 2011 inakikataza. Kitaifa idadi ya wanawake waliokeketwa ilishuka kutoka asilimia 21 mwaka 2014 hadi 15 mwaka 2022, lakini kwenye kaunti kama yetu wastani wa taifa haukuambii mengi. Nataja hili kwa sababu kuna maumivu ambayo hayako kichwani, na mshauri mzuri humtuma mwanamke kwa daktari kwanza. Wetu alifanya hivyo. Aliandika barua, nikapimwa kovu la kujifungua, ndipo tukaanza.

Je, kwa nini tiba hii ilichelewa kufika kwetu namna hii, ikiwa mwaka 1970 ilikuwa tayari kwenye vitabu? Jibu moja liko Mathari. Hospitali ile ilianza mwaka 1910, na kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari aliyekabidhiwa kazi hiyo kabla ya kuusomea ugonjwa wa akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha maandishi yake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Aliandika pia kwamba huzuni kali ni nadra kwetu. Mtu aliyeaminiwa kuwa hana undani nani angemwekea kiti amwulize anahisi nini? Alipewa dawa na kufungiwa mlango. Wolpe alikuwa bara hili hili, miaka ile ile, akisema hofu hujifunzwa na huweza kusahaulishwa na mwili wowote, lakini maneno yake yalienda Marekani, naye akayafuata mwaka 1960.

Tiba ya mazungumzo iliingia Nairobi kwa mlango wa pembeni. Amani Counselling Centre ilianza mwaka 1979. Halafu ukaja UKIMWI, na hapa ndipo mimi naona mabadiliko makubwa zaidi, ingawa hakuna aliyeyapanga. Moi aliutangaza kuwa janga la taifa Novemba 1999. Miaka iliyofuata vituo vya VCT vikaota kila mahali, hata kwenye mahema sokoni, na watu maelfu wakafundishwa kuketi mbele ya mgeni na kumwuliza, bila kupepesa macho, umelala na nani na vipi. Kwa mara ya kwanza Mkenya wa kawaida alizungumza mambo ya chumbani kwenye kiti cha plastiki, na mtu wa upande wa pili hakuwa shangazi wala padri. VCT ilihimiza pia wapenzi waje pamoja. Washauri wengi wenye umri fulani walianzia pale, wetu akiwemo. Anasema siku hizo hakuna aliyemwuliza kuhusu raha. Swali lilikuwa kifo tu. Maswali ya raha yalikuja baadaye, mlangoni, mtu akiwa ameshashika kitasa. "Na daktari, kuna kingine kidogo..."

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ilipitishwa mwaka 2014. Mwaka huo huo tulipata Sheria ya Ndoa, inayoruhusu mmoja wenu kuiomba mahakama ibatilishe ndoa ambayo haijawahi kukamilishwa kitandani, mradi aende ndani ya mwaka mmoja tangu arusi. Mwaka mmoja! Wanazuoni wa Kiislamu nao, tangu zamani, humpa mwaka mmoja mume asiyeweza kabla kadhi hajatenganisha. Sijui kama kuna aliyemwiga mwenzake, lakini kote kuwili sheria inahesabu siku na kumwachia mtu kazi ya kujiponya mwenyewe.

Na wanaume hujiponya kivipi? Panda matatu ya 111 kutoka tao, uhesabu karatasi kwenye nguzo za stima kuanzia Karen hadi Ngong. Nguvu za kiume, mpenzi aliyepotea, kesi kortini, zote nambari moja ya simu. Chini yake mama Mmasai na mizizi yake ya supu, kijana na mukombero kutoka Kakamega kwenye beseni, na duka la dawa lenye vidonge vya buluu vinavyouzwa kimoja kimoja bila swali. Kidonge hicho kilipoidhinishwa Marekani mwezi Machi 1998 kilifanya kazi yake vizuri tu, na kuna watu ambao shida yao ni mishipa na sukari, wanakihitaji. Sina ugomvi nacho. Ila kilirudisha shida kwa mtu mmoja. Mwanamume anaweza kukimeza chooni, akatoka, mkewe asijue kamwe kwamba kulikuwa na hofu yoyote. Kisa cha bwana wa Hunter leo kingeishia kaunta ya duka la dawa, na yule mwanamke asingetajwa.

Mume wangu alikuwa amenunua viwili. Niliambiwa hilo kikao cha tatu, si nyumbani. Aliligeukia dirisha akasema. Miezi yote ile mimi nikijiona mlango uliokwama, yeye alikuwa anajiona mtu asiyetakiwa, na kila nilipokunja uso mwili wake nao ulikuwa unakata tamaa. Kwa hiyo alijipanga kwa dawa, ili awe tayari siku nitakapokuwa tayari. Na kadiri alivyokuwa tayari ndivyo nilivyoogopa zaidi. Mshauri hakusema lolote kwa muda. Kisha akaniuliza mimi nilikuwa najua, na akamwuliza yeye alidhani najua nini.

Nilimpelekea shosho habari hiyo pia, nikaacha vidonge. Alitaka kujua jambo moja tu, kama mwanamume huyo aliketi mwenyewe ama alivutwa. Nikamwambia mara ya kwanza alivutwa. Mshauri anasema ndivyo ilivyo kwa wengi wanaopanda ngazi zile: mwanamke huja peke yake wiki mbili tatu, anaulizwa kama mwenzake atakuja, anasema atajaribu. Kiti cha pili huwa kimeshawekwa.